Reli ya Vitongoji Huanza na Ratiba, Zege Baadaye

Siku ya kuzindua reli ya vitongoji, hotuba hutaja kilomita zilizojengwa, mabilioni yaliyotumika na idadi ya stesheni. Ni nadra kumsikia msemaji akieleza kwamba saa saba mchana, siku ya kawaida ya kazi, abiria aliyeachwa na treni atasubiri dakika ngapi hadi ipite nyingine. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza, na lilipaswa kujibiwa kabla mhandisi hajachora daraja hata moja. Treni ikipita kila baada ya dakika 10, mtu anatoka nyumbani akiwa tayari, anakwenda stesheni bila kutazama saa. Ikipita mara moja kwa saa, reli ile ile, yenye mataruma yale yale na madaraja yale yale, inakuwa mali ya watu wachache wanaoweza kuyapanga maisha yao kuizunguka.

Wahandisi wa reli wa Uswisi na Ujerumani wana kanuni wanayoirudia mara kwa mara: mpangilio kwanza, elektroniki pili, zege mwisho. Njia ikionekana kuelemewa, dawa hutafutwa kwanza kwenye ratiba na jinsi treni zinavyogawana reli. Ikishindikana huko, hutazamwa ishara na mitambo ya kuongozea treni. Baada ya hapo ndipo pesa huelekezwa kwenye mahandaki na reli mpya. Kwingineko duniani mambo huenda kinyume kabisa. Zege hutangulia kwa kuwa linaonekana na linapigika picha, na ratiba huandikwa miezi ya mwisho na watu ambao hawakuulizwa lolote wakati wa usanifu.

Jiji la Zürich, Uswisi, linaonyesha kanuni hiyo ikifanya kazi. Mwaka 1973 wapiga kura walikataa mpango mkubwa uliounganisha metro, yaani treni za chini ya ardhi za mjini, na reli ya vitongoji. Mwaka 1981 waliletewa mpango mdogo zaidi, wa reli ya vitongoji peke yake, wakaupitisha, na Mei 1990 treni zikaanza kazi. Sehemu mpya iliyochimbwa haikuwa ndefu: ilitoka stesheni kuu, ikapita Stadelhofen, ikaingia kwenye handaki la takriban kilomita 5 chini ya kilima cha Zürichberg na kuungana na njia za upande wa pili. Karibu njia nyingine zote zilikuwa reli za zamani. Wapangaji waliandika kwanza huduma waliyoitaka, treni za kila nusu saa zinazopokezana abiria na mabasi kwa dakika zile zile mchana kutwa, kisha wakatafuta ni wapi reli zilizokuwepo zingeikwamisha. Hapo ndipo walipojenga. Mwezi huo huo tiketi moja ikaanza kutumika kwenye treni, tramu, mabasi na hata boti za ziwani katika mkoa mzima. Walipohitaji kuchimba handaki la pili chini ya jiji, lililofunguliwa mwaka 2014, lilikuja kwa sababu la kwanza lilikuwa limejaa.

Ratiba ina nguvu kubwa namna hiyo kutokana na hesabu ambayo haihitaji elimu ya uhandisi. Chukua njia ya kilomita 30 ambayo treni huimaliza kwa dakika 40, kisha ikapumzika dakika 10 kila mwisho kabla ya kugeuza. Mzunguko mzima ni dakika 100. Ukitaka treni kila baada ya dakika 10, unahitaji treni 10, ukiacha za akiba. Sasa punguza safari iwe dakika 35 na mapumziko yawe dakika 5. Mzunguko unashuka hadi dakika 80, na huduma ile ile inatolewa na treni 8. Treni mbili zimeokolewa, pamoja na madereva wake, nafasi yake karakanani na vipuri vyake, bila kujenga hata mita moja ya reli. Au zibaki zote 10, na abiria apate treni kila baada ya dakika 8. Wanasiasa hudhani mwendo ni starehe ya abiria, kumbe ni bajeti. Kila dakika inayopotea kwenye kona mbovu, kwenye makutano ya reli na barabara au kwenye mlango mwembamba hulipwa kila siku kwa miaka 30.

Dakika hizo hupotelea wapi? Nyingi hupotea treni inaposimama na kuondoka. Treni ya umeme ya kisasa, yenye mota kwenye mabehewa kadhaa, inaweza kuongeza mwendo kwa karibu mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde. Kichwa cha dizeli kinachovuta mabehewa mazito huenda kisifikie hata theluthi ya uwezo huo. Tufanye hesabu ya harakaharaka kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Treni ya kwanza inaufikia kwa sekunde 28 hivi, ya pili kwa sekunde zaidi ya 90. Ukilinganisha na treni ambayo ingepita bila kusimama, ya kwanza imepoteza sekunde 14 kwenye kuondoka na ya pili sekunde 46. Zidisha tofauti hiyo kwa stesheni 15 na umepoteza dakika 8 kwa kuondoka tu, kabla hujagusa breki.

Ndiyo maana njia ya Caltrain, kati ya San Francisco na San Jose nchini Marekani, ilibadilika mno ilipohamia kwenye umeme Septemba 2024. Treni inayosimama kila stesheni ilipunguza zaidi ya dakika 20 juu ya reli zile zile, na abiria wakaanza kurudi kwa wingi. Nazisisitiza dakika hizi kwa kuwa kila bajeti inapobana, umeme huwa wa kwanza kukatwa na kuahidiwa awamu ya pili. Njia ndefu yenye stesheni chache na treni chache inaweza kuishi na dizeli. Njia ya vitongoji yenye stesheni kila kilomita mbili haiwezi, labda ikubali kuwa ya polepole maisha yake yote.

Kuna pia sakafu ya jukwaa. Jukwaa likiwa sawasawa na sakafu ya behewa, milango ikiwa mipana na mingi, watu mia wanashuka na mia wanapanda ndani ya nusu dakika, akiwemo mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi. Jukwaa likiwa chini, abiria wakapanda ngazi tatu kupitia mlango mmoja kila mwisho wa behewa, nusu dakika inakuwa dakika mbili na mwenye ulemavu anaachwa. Cha kuumiza ni kwamba kosa hili hufanywa mara moja, siku ya kuagiza mabehewa, na halisahihishiki kirahisi, kwa sababu mabehewa hudumu miaka 30 na majukwaa hudumu zaidi.

Sasa tuje kwenye upande wa mjini, ambako mabilioni mengi huzama. Reli nyingi za vitongoji ziliishia pembezoni mwa katikati ya jiji, kwenye stesheni kubwa za karne ya 19 ambamo treni huingia kwa kichwa na kutoka kwa mkia. Kila treni inayotoka hukatiza njia ya inayoingia, na kila moja hukalia jukwaa mpaka dereva ahame upande. Dawa iliyogunduliwa ni kuzipitisha treni chini ya jiji: zinazotoka vitongoji vya magharibi ziendelee moja kwa moja hadi vya mashariki. Paris ilifanya hivyo mwaka 1977, RER A, mojawapo ya njia za treni za vitongoji za jiji hilo, ilipounganishwa kwenye stesheni ya Châtelet–Les Halles. München, Ujerumani, ilitangulia mwaka 1972, mwaka wa Olimpiki. Kwenye reli mbili tu chini ya ardhi, München hupitisha hadi treni 30 kwa saa kila upande. Katika stesheni kuu, Hauptbahnhof, na ile ya Karlsplatz, treni hufungua milango pande zote mbili, upande mmoja wa kushukia na mwingine wa kupandia, ili watu wasigongane. Huo ni mpangilio uliochongwa ndani ya zege lenyewe.

Lakini handaki peke yake halileti huduma, na Philadelphia, Marekani, ni ushahidi unaonisikitisha kila ninapoufikiria. Mwaka 1984 jiji hilo lilifungua handaki la reli nne, mara mbili ya zile za München, likaunganisha mitandao miwili iliyokuwa ya kampuni hasimu, Pennsylvania na Reading. Vukan Vuchic, profesa wa University of Pennsylvania, alipanga jinsi njia za upande mmoja zitakavyooana na za upande wa pili, zikapewa namba kuanzia R1 hadi R8. Majiji haya mawili yana wakazi karibu sawa, milioni 1.5 hivi kila moja. Miaka michache kabla ya korona treni za vitongoji za München zilibeba takriban watu 800,000 kwa siku, na zile za Philadelphia hazikufika 150,000. Kwa nini? Kwa sababu Philadelphia ilibadilisha handaki na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa. Njia nyingi ziliendelea kupata treni moja kwa saa mchana. Makondakta waliendelea kupita kwenye mabehewa wakikagua tiketi moja moja. Stesheni nyingi zilibaki na majukwaa ya chini. Nauli ilibaki tofauti na ile ya basi. Mwaka 2010 hata zile namba za R zilifutwa, kila njia ikarudi kuitwa kwa jina la kituo cha mwisho, kana kwamba handaki halikuwahi kuchimbwa.

Na upande mwingine wa shilingi uko Tokyo. Treni za haraka za njia iitwayo Chuo huishia stesheni ya Tokyo kwenye jukwaa moja lenye reli mbili, bila handaki la kupitiliza, na katika saa za msongamano wa asubuhi karibu treni 28 huingia na kugeuza kwa saa moja. Treni moja haijamaliza kuondoka, nyingine inakaribia. Stesheni ya Penn ya New York ina reli 21, na bado watu hubishana kuhusu kuiongezea nyingine, wakati kampuni mbili za treni za vitongoji zinazoitumia, moja kutoka New Jersey na nyingine kutoka Long Island, hazipitishi treni zao kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Si mbali na hapo, Januari 2023, ilifunguliwa stesheni mpya yenye kina kirefu chini ya Grand Central, kwa mradi uliogharimu takriban dola bilioni 11. Nayo ni mwisho wa reli: treni huingia na kurudi zilikotoka. Sisemi kuwa haina faida kwa abiria wa Long Island, kwa kuwa wanaipata. Nasema pesa hizo zilinunua kidogo mno.

Kupitisha treni chini ya jiji kuna gharama yake pia, na wanaoupigia debe mpango huo huwa wepesi kuinyamazia. Ukiunganisha matawi mengi kwenye shina moja, ajali ndogo kwenye tawi la kaskazini inachelewesha watu wa kusini. Jijini Paris, kati ya stesheni za Châtelet na Gare du Nord, njia za RER B na RER D hutumia handaki moja, na katika saa za msongamano hufikia treni 32 kwa saa kila upande. Chochote kikiharibika hapo, nusu ya mkoa wa Paris inahisi. Tena RER B iliendeshwa na mashirika mawili, RATP, la usafiri wa mkoa wa Paris, kusini na SNCF, la reli la taifa, kaskazini, na kwa miaka mingi madereva walibadilishana Gare du Nord, mmoja akishuka na mwingine akipanda, abiria wakingoja. Hakuna kilichozuia dereva mmoja kwenda hadi mwisho isipokuwa mipaka ya mashirika, na ilichukua takriban miongo mitatu kuivuka.

Elizabeth line, reli mpya inayopita chini ya jiji la London, ilikwama kwenye mipaka ya aina nyingine. Mahandaki yalikuwa yameshachimbwa zamani ilipotangazwa mwaka 2018 kwamba ufunguzi wa Desemba hautawezekana. Pamoja na stesheni ambazo hazijakamilika, treni zilitakiwa kuelewana na mifumo mitatu tofauti ya ishara, na programu za kuiunganisha hazikuwa tayari. Ilifunguliwa Mei 2022. Zege lilisubiri elektroniki kwa zaidi ya miaka mitatu.

Turudi kwenye ile saa saba mchana. Reli iliyopangwa kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisini tu huwa na treni nyingi zinazoingia mjini asubuhi, zinashusha watu, zinalala yadi hadi jioni, kisha zinawarudisha. Treni inafanya safari mbili kwa siku na mkopo wa kuinunua unalipwa wa siku nzima. Dereva anafanya kazi kwa muda wa saa tatu asubuhi na muda kama huo jioni, na katikati analipwa au ananung'unika. Wahasibu huiona treni ya mchana kuwa hasara kwa kuwa ina abiria wachache, ingawa ndiyo treni ya bei nafuu kuliko zote: imeshanunuliwa na reli iko wazi. Anayeihitaji ni muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mwanafunzi, mfanya usafi, mzee anayekwenda kliniki, mama anayerudi kumchukua mtoto shuleni. Hawa hawaombi viti vya ngozi. Wanaomba treni isiwatupe kwa saa nzima.

London iliwapa jibu zuri Novemba 2007, mamlaka ya usafiri ya jiji ilipochukua njia za pembezoni zilizokuwa zimechakaa na kuziita London Overground. Mwanzoni hawakuchimba handaki. Waliweka wahudumu kwenye stesheni muda wote treni zikitembea, wakasafisha, wakaingiza kadi moja ya nauli iliyokuwa ikitumika tayari kwenye basi na metro, wakaagiza treni mpya, wakaongeza idadi ya safari. Sehemu mpya, za mashariki, zilifuata mwaka 2010. Katika miaka michache abiria waliongezeka mara kadhaa, kwenye njia ambazo wengi walikuwa wamezizoea kama mahali pa kuogopa usiku.

Kuhusu kadi hiyo sitasema mengi, kwa sababu jambo lenyewe liko wazi: abiria anayelipa upya kila anapobadili chombo amepewa adhabu kwa kukaa mbali na stesheni. Toronto, Kanada, ilikuwa na treni za vitongoji za GO tangu 1967, nyingine zikisimama ndani ya jiji, na watu wakizipita kwa basi kwa kuwa nauli mbili zilikuwa ghali. Februari 2024 ndipo abiria walipoweza kuhama kati ya GO na mabasi au metro ya jiji bila kulipa mara mbili.

Ardhi ni somo pana kuliko nafasi hii, ila Ichizo Kobayashi, mfanyabiashara wa reli wa Japani, hawezi kuachwa. Mwaka 1910 kampuni yake ilifungua reli kutoka Umeda, Osaka, ikipita mashambani ambako abiria walikuwa wachache. Alinunua ardhi kando ya reli, akajenga nyumba Ikeda na kuziuza kwa malipo ya awamu, na mwaka 1929 akafungua duka kubwa juu ya stesheni ya Umeda. Faida iliyoletwa na reli ilibaki kwenye reli. Kwingi duniani serikali hujenga reli kwa kodi ya wote, bei ya viwanja vilivyo jirani inapanda, na faida inakwenda kwa waliopata fununu mapema. Kisha tunaambiwa reli haijilipi.

Hata njia iliyopangwa vizuri inaweza kuua watu ikipuuzwa, au kufa yenyewe taratibu. Mumbai imekuwa na treni za umeme tangu 1925 na kabla ya korona ilibeba zaidi ya watu milioni 7 kwa siku, milango ikiwa wazi na watu wakining'inia. Kwa miaka mingi, zaidi ya watu 2,000 wamekufa kila mwaka kwenye njia hizo, wengi wakivuka reli kwa miguu au wakianguka kutoka kwenye treni. Madaraja ya waenda kwa miguu, uzio, treni za ziada na milango inayojifunga ni vitu vinavyojulikana bei yake. Kuvichelewesha ni uamuzi, na uamuzi huo unahesabika kwa maiti.

Afrika Kusini ilipoteza treni zenyewe. Treni za Metrorail zilikuwa uti wa mgongo wa vitongoji maskini vya Cape Town, na njia ya kati ndiyo iliyobeba wengi zaidi. Nyaya za shaba ziliibwa, mabehewa yakachomwa moto, matengenezo yakacheleweshwa, walinzi wakaondolewa, na mwishoni mwa 2019 huduma kwenye njia hiyo ikasimama. Wakati wa karantini ya 2020, watu wasio na makazi walijenga vibanda juu ya reli zenyewe, maeneo ya Langa na Philippi. Kuirudisha kumechukua miaka, kipande kwa kipande, na muda wote huo mtu wa kipato cha chini alilipa nauli kubwa zaidi ya basi dogo kufika kazini. Addis Ababa, yenye reli nyepesi, ya treni ndogo za mjini, iliyofunguliwa 2015, ilishuhudia sehemu kubwa ya treni zake 41 zikiegeshwa kwa kukosa vipuri kabla hata ya kutimiza miaka kumi.

Kwa hiyo nikiletewa mkataba wa reli mpya ya vitongoji, kurasa za madaraja nitaziacha kwa wanaozijua. Nitatafuta ratiba ya siku nzima, ya Jumatatu na ya Jumapili, ikionyesha treni ya saa saba mchana na ya mwisho usiku. Nitatafuta treni ngapi zinahitajika kuitekeleza na ngapi za akiba. Nitatafuta karakana iko wapi, nani analipa mafundi wake mwaka wa 12, na fedha za vipuri zinatoka kwenye fungu gani ambalo waziri mpya hawezi kulihamisha. Kurasa hizo zisipokuwepo, mkataba urudishwe kwa waliouandika kabla ya mtu yeyote kutia saini.